Darasa Likinyamaza, Je, Lina Nidhamu?



Ndugu wasomaji, sisi mafrateri tunapokwenda likizo, mara nyingi paroko hututuma kufundisha dini shuleni. Huku Malolo, wilayani Kilosa, wapo wazazi wanaouza vitunguu ili walipe ada ya shule binafsi. Swali lao kwetu ni moja: "Frateri, watoto wana nidhamu?"

Mwalimu wa shule binafsi hulibeba swali hilo kila siku. Mzazi amelipa, mwenye shule anadai ufaulu, na mkataba una mwisho. Basi darasa lenye kelele humtia hofu, na mkono hukimbilia fimbo. Lakini nyuma ya fimbo ipo imani: mwalimu anaamini mtoto ni nani?

Wapo wanaoamini kwamba mtoto haelewi mpaka aumie. Wapo wanaoamini kwamba mtoto ana akili, hivyo anaweza kuelezwa sababu na kuitii. Imani hizi mbili huzaa madarasa mawili tofauti.

Katika falsafa tunajifunza kwa Aristotle kwamba fadhila hujengwa kwa mazoea: mtu huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Mtoto anayenyamaza kwa woga anazoea woga tu. Mwalimu akitoka nje, kelele zinarudi, kwa sababu nidhamu ilitoka naye.

Hata sheria ya nchi haikumwachia kila mwalimu fimbo. Kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Kiboko cha hasira darasani hakimo humo.

Mtakatifu Yohane Bosco, aliyefariki mwaka 1888 huko Torino, aliwalea vijana wa mitaani kwa nguzo tatu: akili, dini na upendo. Aliita njia yake ya kuzuia: mlezi akae kati ya vijana, awajue, azuie kosa kabla halijatokea.

Tukiri wenyewe. Mwaka wetu wa kwanza kufundisha, tuliwapigisha magoti watoto kwa sababu ya kelele. Baadaye tuligundua kuwa somo letu halikuandaliwa vizuri, na watoto walikuwa wamechoka kusubiri. Kosa lilikuwa letu, magoti yakawa yao.

Tangu hapo tunaanza na mambo madogo: kuandaa somo, kujua majina, kukubaliana na watoto juu ya kanuni chache, kumwonya mkosaji faraghani, na kumwita mzazi mapema, kabla ya kumwadhibu mtoto.

Nanyi wazazi, mkifika shuleni msiulize tu kama darasa limenyamaza. Ulizeni watoto hufanya nini mwalimu akitoka. Nasi mafrateri, ambao kesho tutakabidhiwa shule za parokia, tulijibu swali hilo tangu leo.

Mtakatifu Yohane Bosco, utuombee.