Kasulo: shimo linalopotea ndani ya picha

Mwaka 2014, mkazi mmoja wa mtaa wa Kasulo, mjini Kolwezi, alichimba kwenye kiwanja chake akakuta kobalti. Muda si mrefu watu walikuwa wanachimba uani na hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 serikali ya jimbo la Lualaba ilitenga sehemu ya mtaa kuwa eneo la uchimbaji wa mikono. Wakazi walihamishwa, ukuta ukajengwa.

Leo, anayetaka kuonyesha ardhi ya Kasulo kwenye kompyuta anaanza na ramani ya vimo. Ni picha ya kijivu: penye weupe ni juu, penye weusi ni chini. Programu huisoma, ikainua ardhi, kisha ikaivisha sura ya udongo, mabati na maturubai. Kosa dogo hapo linaweza kufuta shimo zima.

Kosa lenyewe liko kwenye biti. Picha ya biti 8 ina ngazi 256 tu kati ya nyeusi na nyeupe. Ya biti 16 ina ngazi 65,536. Tuchukue ramani ya Kongo nzima, kutoka usawa wa bahari kule Moanda hadi kilele cha Margherita katika Ruwenzori, mita 5,109. Kwa biti 8, kila ngazi inabeba karibu mita 20. Kwa biti 16, inabeba sentimita 8 hivi.

Kanuni za madini zinamkataza mchimbaji wa mikono kupita mita 30 kwenda chini. Shimo la mita 15 ni kaburi tosha likibomoka. Lakini kwenye picha ya biti 8 linaweza kuangukia ngazi moja na udongo unaolizunguka, na skrini ikaonyesha uwanja tambarare.

Mara nyingi hasara hutokea wakati wa kuhifadhi. Chombo cha anga Endeavour kilipima ardhi mwezi Februari 2000, na vimo vyake hutolewa kwa biti 16. Ukivihifadhi kama picha ya JPEG ya kawaida, vinashuka hadi biti 8. Kuirudisha picha kwenye biti 16 baadaye hakurudishi kilichopotea. Afadhali PNG au TIFF ya biti 16.

Hata hivyo, biti peke yake hazitoshi. Katika vipimo vya Endeavour, pikseli moja inafunika mita 30 hivi za ardhi, na mdomo wa shimo ni mwembamba kuliko hapo. Tena vilichukuliwa miaka 14 kabla Kasulo haijachimbwa. Droni inayoruka chini itaona zaidi, lakini haitaona mahandaki yanayopita chini ya nyumba za majirani.

Kwa hiyo, ukiletewa ramani inayosema ardhi ni salama, uliza mambo matatu: ni ya biti ngapi, pikseli yake ina upana gani, na ilipimwa mwaka gani. Kisha waulize wanaoishi pale.