Je, Wajua? Waseja Waliocheza kwa Ajili ya Mungu

Je, wajua kuwa Marekani iliwahi kuwa na Wakristo wasiooa wala kuolewa, ambao ibada yao ya Jumapili ilikuwa ni kucheza?

Hao ni Washaker. Mwanzilishi wao, Ann Lee, alikuwa binti wa mhunzi wa Manchester, Uingereza. Alizaa watoto wanne, wote wakafa wangali wadogo. Mwaka 1774 alivuka bahari na wafuasi wanane, wakafika New York, kisha wakapata ardhi Niskayuna, karibu na Albany. Siku hizo kila mmoja alicheza alivyoguswa na Roho: huyu akitetemeka, yule akizunguka, mwingine akidondoka sakafuni. Wakiulizwa, walimtaja Daudi aliyecheza mbele ya sanduku la agano.

Mama Ann alifariki mwaka 1784. Miaka michache baadaye kiongozi Joseph Meacham aliwafundisha hatua za pamoja. Wanaume walisimama upande wao na wanawake upande wao, safu kwa safu. Wakasogea mbele, wakageuka, wakarudi, miguu yote ikigonga sakafu kwa wakati mmoja. Baadaye wakaongeza miduara, mmoja ndani ya mwingine, huu ukizunguka huku na ule kule, waimbaji wakiwa katikati. Angalia mikono yao: viganja vikielekea juu wanapokea baraka, vikielekea chini wanakung’uta dhambi. Ala za muziki hazikuwepo, ni sauti tu. Hawakushikana, lakini hakuna aliyeachwa nje. Nadhani hapo ndipo penye uzuri wa jambo lenyewe, maana watu walioapa kutokuwa na familia walipata katika safu zile ndugu wa kwenda nao hatua kwa hatua.

Hata majengo yalifuata ngoma hiyo. Jumba la ibada la Pleasant Hill, Kentucky, lilijengwa mwaka 1820 bila nguzo hata moja katikati. Uzito wote wa juu ulibebwa na maboriti ya paa, na sakafu ikaimarishwa ihimili vishindo. Milango ilikuwa miwili, wa wanaume na wa wanawake. Wageni waliruhusiwa kuja kutazama. Wapo waliocheka.

Wimbo wao maarufu kuliko yote, “Simple Gifts”, ulitungwa mwaka 1848 na Joseph Brackett wa Maine. Wengi huuchukulia kuwa wimbo wa kutuliza moyo, kumbe ni wa kuchezea, na maneno yake kuhusu kuinama na kugeuka ni maelekezo kwa mchezaji. Mtunzi Aaron Copland aliutumia mwaka 1944 katika muziki wa baleti “Appalachian Spring”.

Kadiri karne ya 19 ilivyokwisha, waumini walipungua na kuzeeka, na ngoma ikaachwa. Kijiji chao cha mwisho chenye waumini ni Sabbathday Lake, Maine, na huko nyimbo zao bado zinaimbwa.