Kabla ya kulipaka rangi kabati kuukuu

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Naam, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi si lazima kitu kitoke kiwandani ndipo kiitwe kipya. Hutosha kupakwa rangi.

Pita jioni kando ya barabara ya Spine mtaani Kayole, au ushuke pande za Masimba. Utaona makabati, meza, stuli na vitanda vya watoto vimepangwa nje. Vingine ndio kwanza vimetoka kwa fundi, na vingine vimeuzwa na mtu aliyehama. Kijana anayeanza maisha, au mwanafunzi anayepanga chumba chake cha kwanza, hununua hapo. Kisha hupitia dukani akachukua mkebe wa rangi ya mafuta na chupa ya thina, na kazi ikaanza.

Hiyo ndiyo desturi. Lakini je, msomaji mpenzi, umewahi kujiuliza ni kwa nini kichwa hukugonga usiku ule?

Rangi ya mafuta hukauka huku ikitoa mvuke wa thina hewani. Aghalabu huhitaji takriban siku nzima kabla ya kupakwa mkono wa pili. Mwenye nyumba kubwa huliacha kabati lake gereji. Mpangaji wa chumba kimoja hana gereji: yeye hulala na kabati lake, mkewe na watoto, dirisha likiwa limefungwa kwa hofu ya wezi na mbu.

Jaribu ya maji

Ipo njia nyingine. Siku hizi zinauzwa rangi za maji zilizotengenezewa mbao na vyuma. Usizichanganye na rangi ya maji ya ukutani, ambayo ukiipaka mezani hunatanata, ikashika kila sufuria na kubanduka ukiipangusa. Muulize mwenye duka waziwazi, na usome maandishi ya mkebe.

Rangi hii haina harufu kali, hukauka juujuu kwa saa moja au mbili, na nyeupe yake haigeuki manjano upesi kama ile ya mafuta. Isitoshe, brashi huoshwa kwa maji na sabuni, kwa hivyo pesa za thina unazitia mfukoni.

Hata hivyo, haikosi kasoro. Haishiki juu ya rangi ya mafuta inayong'aa isipokwanguliwa kwanza. Kwenye mbao kama mahogani, maji ya mti hupenya yakaacha madoa ya kahawia, na hapo huna budi kuanza na praima ya kuzuia madoa. Tena, ijapokuwa hukauka upesi, huchukua wiki kadhaa kuwa ngumu kabisa. Usiweke pasi wala sufuria ya moto juu yake siku ya pili.

Hatari iliyofichika

Jambo kubwa zaidi, hata hivyo, si rangi utakayopaka. Ni ile iliyopo tayari.

Kwa miaka mingi viwanda duniani vilitia madini ya risasi katika rangi za mafuta, hasa za manjano na nyekundu, ili zing'ae na kukauka haraka. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo kwa matumizi ya nyumbani mwaka wa 1978. Hapa Kenya, kiwango cha juu cha sehemu 90 za risasi kwa kila sehemu milioni kilianza kutumika mwaka wa 2018. Kabati la zamani halina cheti cha kuzaliwa, nawe huwezi kujua kwa macho lilipakwa nini.

Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi chake kinachojulikana kuwa salama. Mtoto haihitaji kunywa rangi. Hutosha atambae penye vumbi la msasa kisha atie vidole kinywani, au atafune ukingo wa kitanda chake.

Kwa hivyo, kabla ya kushika brashi, fanya hivi:

Kwanza, kagua viungo na nyufa usije ukaleta kunguni nyumbani, kwani rangi haiwaui.

Pili, chovya pamba katika spiriti na usugue pembe iliyofichika. Rangi ikitoka au kulainika, huenda ni ya maji. Isipotoka, ichukulie kuwa ya mafuta.

Tatu, osha mafuta na masizi ya jikoni kwa sabuni, halafu usugue kwa msasa wa maji ukiwa umelowa, nje ya nyumba, watoto na kina mama waja wazito wakiwa mbali. Usikwangue pakavu, wala usichome rangi kuukuu kwa moto. Pangusa mabaki kwa kitambaa chenye maji, ukifunge katika mfuko na kukitupa, kisha unawe mikono kabla ya kula.

Nne, paka praima. Baada yake paka mikono miwili myembamba badala ya mmoja mzito, ukiacha saa zilizoandikwa kwenye mkebe. Juu ya meza malizia kwa vanishi ya maji isiyo na rangi.

Ama kuhusu kitanda cha mtoto ambacho rangi yake kuukuu inabanduka na hujui asili yake, hicho usikinunue hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Heri cha mbao tupu kutoka kwa fundi, ukipake mwenyewe.

Bei rahisi ya kabati kuukuu ni nafuu ya kweli kwa familia nyingi, na hakuna aibu ndani yake. Mgeni atasifu rangi ya juu, lakini mwanao ndiye atakayeishi na ile ya chini.