Vidole vya mama vinapokaza, usimtengee kikombe

Asubuhi za Juni na Julai huko Lupepo, wilayani Rungwe, kila mtu hulalamikia baridi. Wapo ambao kwao haiishi kwa kujifunika kitenge. Wakigusa maji ya ndoo, vidole hupauka, huwa vya bluu, kisha vikipata joto huwa vyekundu na kuuma. Kwa mwenye ngozi nyeusi, angalia kucha na viganja.

Wengi wenye hali hiyo hawana ugonjwa mkubwa. Lakini vidole vikianza kuvimba na kukaza, ngozi ikang'aa, chakula kikakwama kifuani na kiungulia kisiishe, huenda ni skleroderma. Jina hilo lina asili ya Kigiriki, maana yake ngozi ngumu. Kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Ni ugonjwa adimu, na huwapata zaidi wanawake, mara nyingi wa miaka 30 hadi 50, umri wa kulea. Unaweza kufika kwenye mapafu, moyo na figo.

Mama huyo anashindwa kumenya ndizi mbichi, kufunga vifungo vya shati la mtoto wa shule, kumsuka binti yake. Uso ukikaza, tabasamu hupungua. Mtoto anadhani mama amekasirika.

Kuna maumivu mengine yanayoletwa na maneno. "Amerogwa." "Ni ukoma huo." Anatengewa kikombe na sahani, naye anaanza kuamini kuwa maisha yameisha. Tafiti kwa wagonjwa wa skleroderma zimeonyesha kuwa namna mtu anavyouelewa ugonjwa wake huathiri sana ubora wa maisha yake. Anayeamini kuwa hana la kufanya huumia zaidi moyoni, hata kama ngozi haijakaza sana.

Kwa hiyo mzazi, familia ijue majibu haya:

Unaambukiza? Hapana. Kula naye, mkumbatie, lala naye.

Ni ukoma? Hapana. Mabaka ya ukoma hupoteza hisia; vidole hivi huuma. Hata ukoma una tiba, na dawa zake hutolewa bure.

Watoto watarithi? Wagonjwa wengi hawana ndugu mwenye ugonjwa huu.

Unapona? Hauna dawa ya kuumaliza, lakini zipo za kufungua mishipa ya damu, kutuliza kiungulia na kulinda mapafu na figo. Anayewahi hospitali ana nafasi nzuri zaidi.

Anzeni Hospitali ya Wilaya, Makandana, pale Tukuyu. Ikihitajika, daktari atawapa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Mwelezeni habari ya vidole kubadilika rangi, kwani mara nyingi ndiyo dalili ya kwanza. Msinunue predinisoloni dukani bila kuandikiwa. Dozi kubwa inaweza kuhatarisha figo za mgonjwa huyu. Presha ikipanda ghafla, kichwa kikiuma sana au pumzi ikikata, nendeni siku hiyo hiyo.

Nyumbani, mwasheni maji ya moto ya kuoshea vyombo. Soksi na glavu avae kabla baridi haijamwingia, na kifua kikae na joto pia. Moshi wa kuni umwepuke, na sigara isivutwe karibu naye. Ale kidogo kidogo, na alale akiwa ameinua kichwa na kifua. Anyooshe vidole kila siku ili visigande.

Watoto waambiwe ukweli kwa maneno mepesi: "Ngozi ya mama imekaza, ndiyo maana hacheki kama zamani. Hajakukasirikia."

Siku ya Skleroderma Duniani ni Juni 29, tarehe aliyofariki mchoraji Paul Klee mwaka 1940. Wataalamu wanaamini alikuwa na ugonjwa huu. Mwaka 1939, akiwa mgonjwa, alitengeneza kazi zaidi ya 1,200.

Si kila mgonjwa atachora, lakini kila mmoja ana kazi anayoipenda. Mama asipoweza kumenya ndizi, mtoto amenye, yeye aonje chumvi na aseme chungu kiteremshwe lini. Msimnyang'anye jiko lake kwa huruma. Muulizeni kwanza: leo unaweza nini, na tukusaidie wapi?