Kisiwa Walichotoka Wameru: Kutoka Ufuo wa Manda hadi Soko la Kianjai

Kianjai ni mji wa soko katika Tigania Magharibi, kando ya barabara iendayo Maua kutoka Meru. Upande mmoja imesimama milima ya Nyambene, na upande wa pili nchi inateremka kuelekea nyanda kavu za Isiolo. Wakazi wake ni wakulima na wafugaji. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka hapo. Katika kazi zao za kila siku hamna mashua, wala wavu, wala mwezi wa kuhesabia maji yanavyojaa na kupwa. Hata hivyo, ukimwuliza mzee wa Kianjai watu wake walianzia wapi, hatakutajia mlima. Atakuambia walitoka Mbwaa, kisiwani, mahali ambapo maji yalikuwa yakiondoka na kurudi.

Simulizi hii ndiyo mzizi wa desturi nyingi za Wameru, kuanzia mpangilio wa koo hadi heshima ya mabaraza ya wazee. Vijana wa zamani waliisikia wakati wa mafunzo ya jando, kwa maana kijana hakuhesabiwa kuwa mtu mzima kabla ya kujua watu wake walitoka wapi na kwa nini waliondoka. Leo wengi wanaifahamu juujuu tu. Ninaamini njia bora ya kuielewa ina sehemu mbili: kwanza kumsikiliza mzee hadi mwisho, kisha kwenda kutembea kwa miguu kwenye fukwe za kisiwa ambacho baadhi ya wanahistoria wanakitaja kuwa ndicho Mbwaa yenyewe.

Wazee husimulia kwamba huko Mbwaa watu waliishi kwa kulima, kufuga na kuvua, mpaka walipokuja wageni waliowatawala kwa nguvu. Wageni hao huitwa Nguo Ntuni, yaani watu wa nguo nyekundu. Waliwafanya wenyeji kuwa watumwa, na kila walipotaka kuwaangamiza waliwapa kazi isiyowezekana. Waliamuru waletewe kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakaamuru tunda lililotupwa ndani ya shimo refu litolewe bila kuchomwa wala kuguswa kwa mkono. Wakadai ndama anayetoa kinyesi cheupe, na mbwa mwenye pembe.

Kila mara watu waliokolewa na hekima ya mtu mmoja, ambaye wengi humwita Koomenjwe. Kiatu kilikatwa kutoka kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe, ambayo ina manyoya huku na huku. Shimo lilijazwa maji na tunda likaelea lenyewe. Ndama alilishwa maziwa matupu. Mbwa alibandikwa pembe za paa. Ndipo Nguo Ntuni wakatoa amri ya mwisho: waletewe mkuki unaofika mbinguni. Koomenjwe alitambua kwamba sasa ujanja umefika kikomo, na kwamba njia iliyobaki ni kuondoka.

Walitoka usiku. Walipofika ukingoni maji yalikuwa mbele yao na adui nyuma yao. Koomenjwe akayapiga maji kwa fimbo yake, yakagawanyika, watu wakapita. Lakini walikuwa wengi, hawakuvuka kwa wakati mmoja. Waliovuka gizani wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri, mbingu ilipoanza kuwa na wekundu, wakaitwa Ndune. Waliovuka jua limeshatoka wakaitwa Njeru, weupe. Hadi leo koo za Wameru huhesabiwa kwa rangi hizo tatu, na mtu anayejua ukoo wake anajua pia babu zake walikanyaga nchi kavu saa ngapi.

Mwanahistoria Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wengi wa Meru, alilinganisha maelezo yao na ramani ya pwani, na katika kitabu chake cha mwaka 1993 akahitimisha kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda, jirani ya Lamu, akitaja hasa sehemu iitwayo Mbwara Matanga. Wako wasiokubali. Alfred M'Imanyara, katika kitabu chake cha mwaka 1992, aliitafuta asili hiyo mbali zaidi, na wapo wanaoamini kwamba simulizi ya fimbo na maji imechanganyika na habari za Musa zilizoletwa na wamisheni. Mjadala huo ni wa haki. Lakini hoja moja ina uzito mkubwa kwangu: watu wasioishi karibu na bahari kwa karne kadhaa hawana sababu ya kubuni maji yanayoondoka na kurudi. Jambo kama hilo huhifadhiwa na wale ambao babu zao waliliona.

Msomaji wa Kianjai asiyewahi kufika pwani atalielewa jambo hilo akifika Manda na kutembea.

Manda ni kisiwa cha mchanga, matumbawe, vichaka na mibuyu. Maji baridi ni haba mno, na ndiyo sababu watu wake wamekuwa wachache kuliko wa Lamu na Pate. Upande wa bara kimetenganishwa na nchi kavu kwa mlango mwembamba uitwao Mkanda, uliofunikwa na mikoko pande zote. Mashua hupita Mkanda maji yakiwa yamejaa. Yakipwa, sehemu kubwa hubaki tope na vijito. Watu wa Lamu wamesimulia kwa vizazi jinsi ndovu walivyokuwa wakivuka kutoka bara na kuingia Manda. Mahali anapopita ndovu kwa miguu, watu wenye watoto na mifugo nao wanaweza kupata njia, mradi wajue saa.

Na saa yenyewe ndiyo elimu kuu ya pwani. Maji hupwa kwa takriban saa sita na kujaa kwa takriban saa sita, na kila siku huchelewa kidogo kuliko jana yake. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana, kisha hupwa mbali sana, na ufuo uliokuwa mwembamba asubuhi unakuwa uwanja mpana wa mchanga unyevu. Kati ya bamvua mbili huwa maji mafu, ambayo hayaendi mbali. Nahodha wa Lamu hakuulizi unataka kuondoka saa ngapi. Atakuambia, "Ndugu yangu, tungoje maji," na hakuna ubishi. Waswahili wamelifunga jambo hilo katika methali: maji yakijaa hupwa.

Ukitaka kufika Takwa, mji wa kale ulioko upande wa kusini wa Manda, utaingia kwa mashua kupitia kijito chenye mikoko, na ni lazima maji yawe yamejaa. Ukichelewa kutoka, utangoja mpaka yarudi. Takwa ilistawi kati ya karne ya 15 na ya 17. James Kirkman alichimba magofu yake mwaka 1951, na leo yanatunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Utaona msikiti mkuu wenye nguzo juu ya ukuta wa kibla, mabaki ya nyumba za matumbawe, ukuta uliozunguka mji, na nje yake kaburi la nguzo la miaka ya 1680. Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu kuvuka matuta ya mchanga hadi ufuo wa bahari kuu, ambapo mawimbi hupiga bila kizuizi.

Kaskazini ya kisiwa uko mji mwingine ulio wa kale zaidi, Manda yenyewe, uliochimbwa na Neville Chittick kuanzia mwaka 1966. Ulikuwa ukifanya biashara na Ghuba ya Uajemi tangu karne ya 9, na vigae vya vyombo kutoka huko na kutoka China vimepatikana ardhini. Kuta zake za kuzuia bahari zilijengwa kwa mawe makubwa ya matumbawe. Anayetembea pale anafahamu kwamba kisiwa hiki hakikuwa pembe iliyosahauliwa. Kilikuwa mlango wa dunia, na mlangoni hupita wafanyabiashara, pia hupita watekaji.

Mwishoni mwa karne ya 17 watu wa Takwa waliuhama mji wao. Maji ya visima yalikuwa yameharibika kwa chumvi, na inasimuliwa pia kuhusu ugomvi na Pate. Wakavuka mlango wa bahari na kujenga Shela, katika kisiwa cha Lamu. Kwa muda mrefu watu wa Shela waliendelea kurudi Takwa mara mbili kwa mwaka kuomba mvua kwenye lile kaburi la nguzo. Fadiman naye anaweka kuondoka kwa Wameru kutoka Mbwaa karibu na mwaka 1700. Sisemi kwamba misiba hiyo miwili ilikuwa mmoja. Ninachosema ni kwamba kisiwa kimoja, katika kizazi kimoja au viwili, kinasimuliwa kuwa kilihamwa na makundi mawili tofauti ya watu: moja likavuka hadi kisiwa cha Lamu na kubaki Waswahili wa Shela, jingine likavuka kwenda bara, likaufuata mto Tana na hatimaye kufika katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyambene. Makundi yote mawili hayakuacha kupatazama yalikotoka.

Mtu akirudi Kianjai baada ya kutembea fukwe hizo, desturi za nyumbani huziona kwa jicho jipya. Chukua zile rangi tatu za koo. Kwenye ufuo unafahamu kwamba maji hayampi mtu siku nzima. Hutoa saa chache tu, kisha hudai nafasi yake. Jamii yenye wazee, wajawazito, watoto na mbuzi haiwezi kupita yote katika nafasi moja. Lazima igawanyike, na lazima kila kundi liamini kwamba lile lililotangulia litalingoja ng'ambo. Hesabu ya koo kwa saa ya kuvuka ni kumbukumbu ya imani hiyo.

Chukua cheo cha Mugwe, kiongozi wa baraka ambaye mtafiti Bernardo Bernardi aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1959. Mkono wake wa kushoto, ulioshika nguvu ya baraka, ulifichwa ndani ya vazi na haukuonwa na watu. Wazee humhusisha na yule aliyeongoza watu kutoka Mbwaa. Mugwe hakuwa mfalme wala jemadari. Aliheshimiwa kwa sababu babu walikombolewa na mwenye hekima, hawakukombolewa na mwenye mkuki. Tafakari kila jaribio la Nguo Ntuni: hakuna hata moja lililoshindwa kwa kupigana.

Roho hiyohiyo ndiyo iliyomo katika Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Meru, ambalo kitovu chake kiko Nchiru, si mbali na Kianjai. Kesi ya shamba, ya mpaka au ya ndoa hupelekwa kwa wazee ili isikilizwe kwa subira mpaka pande zote ziridhike. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 159, inaagiza mahakama zihimize njia za jadi za kutatua migogoro, maadamu hazivunji haki za binadamu. Wazee walikuwa wakifanya hivyo kabla ya kuwapo kwa mahakama hizo.

Na chukua gichiaro, udugu wa kiapo unaounganisha ukoo na ukoo, hata kabila na kabila. Mtu wa gichiaro chako hawezi kukunyima kitu, wala wewe huwezi kumnyima. Huwezi kumdanganya, kumwibia wala kumwaga damu yake, na watoto wenu hawaoani kwa kuwa ni ndugu. Hata leo hapa Tigania, mtu mkaidi aliyewashinda jamaa zake huitiwa mtu wa gichiaro, naye hutii. Watu waliofika katika nchi ngeni bila chochote, wakizungukwa na wenyeji waliowatangulia, walihitaji ndugu zaidi ya wale waliozaliwa nao. Gichiaro ni desturi ya wasafiri.

Siku hizi njia ya zamani inafunguliwa upya kwa namna nyingine. Bandari mpya ya Lamu imejengwa katika ghuba ya Manda, na gati lake la kwanza lilifunguliwa Mei 2021. Mradi wa LAPSSET unakusudia kuiunganisha bandari hiyo na Isiolo, ambayo ni jirani ya Kianjai, kisha Ethiopia na Sudan Kusini. Malori yatapanda kutoka Manda kuja huku, kama walivyopanda wale waliokimbia Nguo Ntuni. Itakuwa aibu ikiwa mizigo itaijua njia hiyo kuliko wajukuu wa waliotangulia kuipita.

Kwa hiyo nina ombi kwa pande tatu. Wazee wa Kianjai na Nchiru, simulieni Mbwaa yote, pamoja na mahali mnapotofautiana, maana tofauti zenu nazo ni hazina. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopo hapohapo Nchiru, kirekodi sauti zao kwa Kimeru kabla hazijanyamaza. Na wewe kijana wa Tigania, ukijaliwa nauli ya kwenda Lamu, usiishie kwenye picha za machweo. Mtafute mwenyeji akuongoze, uulize maji yanapwa saa ngapi, uvuke hadi Manda, uvue viatu na utembee ufuo wake polepole. Ukirudi, mweleze mzee wako ulichokiona, kisha umwache akusimulie tena tangu mwanzo.