Suruali ya Ndani Iliyomwokoa Meja Powell

Mwanangu wa miaka kumi alipewa kazi ya shule: aeleze wapimaji wa nchi ya Marekani katika karne ya 19 walivaa nini na walibeba nini. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, macho mazito. Lakini nilipoona picha ya mtu mwenye mkono mmoja, usingizi uliniruka.

Huyo ni John Wesley Powell. Risasi ilimjeruhi mkono wa kulia katika vita vya Shiloh mwaka 1862, madaktari wakaukata. Sisi wauguzi tunayajua maumivu ya kigutu. Hata hivyo, tarehe 24 Mei 1869, yeye na wenzake tisa waliingia mto Green huko Wyoming kwa mashua nne, wakiwa na chakula cha miezi kumi, ili kupima makorongo hadi mto Colorado.

Walibeba bunduki za kuwindia, makoti ya mpira ya mvua, dira, saa na baromita. Mmoja wao, Dunn, alivaa ngozi ya kulungu iliyong'aa kwa mafuta. Baromita ilikuwa bomba la kioo lenye zebaki: ukipanda juu, zebaki inashuka, nawe unajua kimo cha mlima. Nilimwambia mwanangu kwamba chuoni nyumbani tulipima presha kwa zebaki hiyohiyo.

Mwezi Juni mashua moja ilivunjika kwenye maporomoko. Watatu waliokuwa ndani walibaki na nguo za mwilini tu, wakavishwa na wenzao. Baromita zilikuwa humo. Watu wawili waliyaendea mabaki yake, wakarudi nazo, pamoja na pipa dogo la wiski.

Siku nyingine Powell alikwama kwenye jabali, ameshika mwamba kwa mkono wake mmoja, miguu inatetemeka. Bradley, aliyekuwa juu yake, hakuwa na kamba wala fimbo. Akavua suruali yake ya ndani, akaishusha. Powell akauachia mwamba, akaidaka, akavutwa juu.

Mpaka Agosti makoti ya mpira yalikuwa yamepotea, zaidi ya nusu hawakuwa na kofia, na mablanketi hayakutosha. Watatu wakaamua kuondoka kwa miguu, wakachukua raifo mbili na shotigani. Waliuawa njiani. Siku mbili baada ya kuagana nao, tarehe 30 Agosti, sita waliobaki walitoka salama.

Mwanangu aliuliza, "Mama, Powell hakuona haya kushika suruali ya mtu?"

Swali hilo lilinichoma. Nilipofika Minnesota, Januari, sanduku langu lilikuwa na khanga sita na sweta moja jepesi. Muuguzi mmoja wa makamo aliniletea koti lake zito. Nikamwambia ninalo nyumbani. Uongo mtupu. Nilisimama kituo cha basi majuma matatu, mpaka kifua kikanibana, nikakosa zamu nne na mshahara wake. Alipolileta tena, nililipokea nikilia.

Nikamjibu mwanangu, "Aliona haya, labda. Lakini angeanguka."

Wanafunzi mnaofika msimu huu, na wazazi mnaowafungia masanduku: wekeni khanga, wekeni na soksi nene. Na mtu akikuteremshia nguo yake, usimwambie unayo nyumbani. Ishike.