Mbio za tone la dawa ya pumu

Ukibonyeza inhela ya pumu husikii ila "pss" moja. Ndani ya mlio huo mfupi mna mamilioni ya matone, na hayalingani. Yenye kipenyo cha mikromita 1 hadi 5 hufika mapafuni. Unywele wako una kama 70. Makubwa zaidi, au yanayokwenda mbio mno, hujibamiza kooni, mgonjwa akayameza, kifua kikabaki kimebana.

Utapimaje kitu kidogo hivyo kikiwa mbioni? Ukikikamata umeshakiharibu, kwani tone hukauka au huungana na mwenzake. Dawa yake ni kuliacha lipite na kulimulika. Mwanga wa leza hugawanywa sehemu mbili, kisha miale hiyo miwili hukutanishwa. Inapopishana hutokea mistari ya mwanga na giza, kama milia ya mkeka. Tone likikatiza hapo humetameta. Mistari ikiachana kwa mikromita 4, na tone likimetameta mara milioni 5 kwa sekunde, basi linakwenda mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa. Mwendo wa basi, kinywani mwa mtoto!

Kupima kasi kwa leza kulianza Marekani mwaka 1964, Yeh na Cummins walipopima mwendo wa maji. Ujanja wa kupata ukubwa ulikuja baadaye, na mimi ndio ulionivutia zaidi: vihisi viwili hutegwa kwenye pembe tofauti, na mmeto wa tone lilelile hufika kimoja ukiwa nyuma kidogo ya kingine. Tone likinenepa, pengo huongezeka. Lakini lazima liwe mviringo kama mpira; dawa ya unga hupimwa kwa njia nyingine.

Mbio hizo za matone ndizo zinazopunguzwa na spesa, kile chombo kinachowekwa kati ya inhela na mdomo. Humo matone hupoa mwendo na kupungua unene. Si lazima iwe ya dukani: mwaka 1999 madaktari wa Cape Town walionyesha kwamba kwa watoto wenye pumu, chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni, inhela ikachomekwa na mwanya ukazibwa vizuri kwa gundi, ilifanya kazi kama ya kiwandani. Kikombe cha povu kilishika mkia.

Mzazi, siku ya kliniki beba inhela ya mtoto, umwombe muuguzi akutazame unavyoitumia.